Petroli Iliyolala na Mkono wa Mama Mkwe

Pikipiki yangu ilikaa stoo miezi minne, nyuma ya magunia ya mahindi, kwa sababu mimi mwenyewe niliiweka huko nikaapa sitaigusa tena. Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimechachamaa, niliteleza nayo kwenye tope nikitoka shuleni ninakofundisha, hapa Nyansurura, nikavunjika mtulinga. Mfupa ulipona, woga ukabaki. Bodaboda ikipita barabarani, bega langu lilijikunja lenyewe. Mume wangu, ambaye kazi yake iko Musoma na huja nyumbani mwisho wa mwezi, alitaka tuiuze. Nikamwambia asubiri kiangazi.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, asubuhi kama saa nne, mama mkwe alikuwa anapanga kuni nyuma ya jiko. Nilimsikia akisema neno moja tu la Kikurya, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyekumbuka kitu. Nilipotoka nilimkuta ameushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, na nyoka, kifutu mnene, anajivuta polepole kurudi chini ya magogo. Chini ya kidole gumba palikuwa na matundu mawili.

Nilimpigia muuguzi wa zahanati yetu. Akasema dawa ya sumu ya nyoka hana, nimkimbize hospitali Mugumu, nisimfunge kamba wala kumchanja, mkono utulie, na nimvue bangili kabla haujavimba. Bangili ya shaba ilitoka kwa sabuni, kwa shida. Kisha nikawapigia bodaboda wawili tunaowatumia. Ilikuwa siku ya mnada. Mmoja alikuwa huko mbali na abiria, wa pili hakupokea. Majirani wote wenye pikipiki walikuwa wamekwenda mnadani pia. Nikabaki natazama mlango wa stoo.

Mama wa nyumba ya jirani alinisaidia kuhamisha magunia. Nilipiga kiki mpaka jasho likanichuruzika machoni. Mara ya kwanza kuwaka, ilikohoa ikazima. Nikavuta choki, ile ya kuongeza petroli injini ikiwa baridi, ikawaka tena, ikawa inatetemeka na kutoa moshi. Nikairudisha choki, ikazima. Nilirudia mara tatu, na mara zote ikawa hivyo hivyo. Mwishowe nikaiacha choki imevutwa. Jirani akauning'iniza mkono wa mama mkwe shingoni kwa kitenge, akampandisha nyuma yangu, akatufunga pamoja kiunoni kwa kanga ili asianguke akizidiwa.

Nilichokuwa nakiogopa kuliko vyote ni mwendo kasi, na pikipiki ile ilikuwa hai kwenye mwendo kasi tu. Nikipunguza resi ilianza kujikwaa kama inataka kufa. Nikivuta resi ilikimbia vizuri, kokoto zikiruka chini ya magurudumu, na mimi nikaona tena lile tope la mwezi wa tatu ingawa barabara ilikuwa kavu kabisa. Nilikuwa naomba Mungu kwa sauti. Kila nilipomuuliza mama mkwe kama yuko salama alinigusa kiunoni kwa mkono wake mzima.

Tulikuwa tumekwenda kama nusu ya njia tulipokuta ng'ombe wamejaa barabara nzima. Nikafunga breki, injini ikazima. Mchungaji, mzee mmoja mwenye koti refu, aliwaharakisha ng'ombe wake wapite. Akaniambia hajaona gari tangu asubuhi, akaahidi kumsimamisha yeyote atakayekutana naye mbele. Kisha akaenda, na vumbi likatulia. Nilipiga kiki mpaka bega la upande uliowahi kuvunjika likaanza kuuma. Haikuwaka, hata kwa choki.

Nilimkalisha mama mkwe chini ya kivuli kidogo cha mgunga. Mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko, ngozi inang'aa, rangi imeanza kuwa ya zambarau. Ndipo nikamkumbuka fundi wa Mugumu anayenifanyia matengenezo ya pikipiki tangu ikiwa mpya, mzee Mwislamu ambaye baba yake alitokea pwani. Simu ilikuwa na mtandao mdogo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nami nikamwambia yote kwa mkupuo.

"Ukivuta choki inawaka, ukiirudisha inazima?" akauliza.

"Ndiyo."

"Imelala muda gani?"

"Miezi minne, na petroli ndani yake."

"Basi petroli imekauka ikawa gundi. Kwenye kabureta kuna jeti ndogo inayopitisha mafuta injini ikizunguka taratibu. Imeziba. Utaifungua wewe mwenyewe hapo ulipo."

Mama mkwe aliishika simu kwa mkono wa kushoto, sauti ikiwa juu, nami nikachukua bisibisi iliyokuwa chini ya siti. Kwanza fundi akanitaka nifunge koki ya tenki na nisubiri injini ipoe kidogo, mafuta yasije yakadondokea kwenye chuma cha moto. Kule kusubiri kulikuwa kubaya kuliko safari yote. Baada ya hapo nililegeza kabureta, nikaigeuza upande, nikafungua skrubu za kibakuli cha chini. Kilitoka na mafuta ya rangi ya chai, yananuka kama rangi ya mlango ya zamani, na matope laini kitakoni. Skrubu moja ikaniponyoka ikaanguka kwenye kokoto. Nikapiga magoti, nikapapasa, machozi yakaanza kunitoka.

"Iko karibu na kiatu chako," mama mkwe akasema.

Jeti yenyewe, niliyoichomoa kwa bisibisi, ni kitu kidogo cha shaba, hakizidi sana punje ya mpunga kwa urefu, na tundu lake halionekani. Fundi akauliza kama nina waya mwembamba. Nilikuwa na waya wa kuchajia simu. Nikauuma kwa meno, nikachuna, nikatoa uzi mmoja wa shaba, nikaupitisha. Nikapuliza, nikapitisha tena. Nikainua jeti juu, na katikati yake nikaona nukta ya anga.

Kurudisha kila kitu sikumbuki vizuri. Nakumbuka fundi akinizuia nisikaze skrubu kwa nguvu, na mtandao ukikatika kabla sijamaliza. Nikafungua koki, nikahesabu mpaka thelathini mafuta yajae, nikapiga kiki mara nne. Ya tano ikawaka. Nikarudisha choki taratibu, nimezuia pumzi. Ikaendelea kunguruma.

Nilijifunga kanga pamoja naye mimi mwenyewe, na tulifika Mugumu akiwa bado ana fahamu. Walimchoma dawa, wakamlaza siku tisa. Kidole gumba hakikunjiki tena mpaka leo, na jembe analishika kwa namna yake.

Siku ya nne, alipoweza kukaa, nilimwambia nilivyoshangazwa na utulivu wake njiani, na kwamba bila huo ningeshindwa.

"Nilikuwa sioni vizuri tangu pale kwenye ng'ombe," akasema. "Ile skrubu niliisikia ikianguka, sikuiona. Niliogopa nikifungua mdomo zaidi utanisikia ninavyoogopa, mwanangu, halafu tutakuwa wawili."

Nilimmenyea chungwa, nikamlisha kipande kimoja kimoja.