Koti la Usaili

Kwenye steshenari moja hapa Lushoto, wasichana wawili waliomaliza chuo pamoja walikuwa wanasoma barua pepe. Mmoja amechukuliwa mafunzo ya kazi Dar, mwenzake hakutajwa.

"Hongera mwaya," alisema aliyekosa, macho yakiwa bado kwenye kioo cha kompyuta.

"Asante. Sasa naomba lile koti lako tulilopokezana mlangoni siku ya usaili, nikaripoti nalo."

Alikuwa amelivaa, na baridi ilikuwa inauma. Akalivua polepole, akamvalisha mwenzake, akamfunga vifungo vyote, cha shingoni kwa nguvu kidogo.

"Limekupendeza. Ila usilizoee."

Msimcheke. Mimi nilitoka na kopi za vyeti vya mwanangu, mwaka wa tatu huu wa kutuma maombi, nikilionea wivu koti. Lenyewe limepata kazi.