Safari ya Kumpeleka Mzee Einar kwa Dada Yake

Siku yangu ya kwanza kazini, katikati ya miaka ya tisini, msimamizi alinipeleka kwa bibi mmoja hapa Thornton Heath, kusini mwa London, akaniambia nimtoe kitandani. Nikampitishia mikono kwapani, nikavuta.

"Acha!" msimamizi akafoka. "Huyo si gunia la mahindi. Umemuuliza kama anataka kuamka?"

Ndivyo nilivyoianza kazi ya kea, yaani kumtunza mzee nyumbani kwake. Mengine yalikuja taratibu: kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulalia, kumwinua kwa mkanda wa kiunoni ili usivunjike mgongo wewe mwenyewe.

Baada ya miaka kadhaa meneja akanifanya kea wa kulala ndani, nikahamia Stanmore, kaskazini mwa jiji, kwa Mzee Einar. Alikuwa mzaliwa wa Norwe, baharia mstaafu, mjane asiye na mtoto, miguu imemwisha nguvu, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Siku moja akaniomba nimsindikize kwao, kisiwa kimoja kaskazini kabisa, akamwone dada yake Solveig. Meneja hakupenda. "Ukimrudisha na nimonia, utanieleza nini?" Lakini daktari aliruhusu, tukaondoka Februari.

Mimi ni mtu wa Kigoma, samaki nawajua. Ila mji wa wavuvi tuliofikia kwanza ulinitoa macho. Vichanja vya kuanikia vilikuwa virefu kuliko nyumba, samaki wananing'inia juu ya theluji, na vichanja vingine ni vya vichwa vitupu. Mwanamke wa pale bandarini akaniambia vile vinakwenda Nigeria. Huko hupikiwa supu, akasema. Jua lilichungulia tu juu ya milima, likarudi lilikotoka.

Tukapanda feri hadi kisiwani. Mzee akasema tupite kanisani kwanza. Nje ya kanisa palikuwa na jiwe la majina ya wavuvi waliozama. Akanyoosha kidole. Nikasoma jina lake, lote, na chini yake jina la mtu mwingine wa ukoo huohuo.

"Huyu ni babu yako?"

"Ni mimi. Wa chini ni mdogo wangu. Chombo kilipinduka, meli ya Waingereza ikaniokoa mimi peke yangu. Nilishindwa kumwambia mama kwamba nimerudi bila yeye. Nikanyamaza, nikabaki Uingereza."

"Dada yako anajua tunakuja?"

Akatikisa kichwa. Miaka mitatu nimemwogesha mtu huyu, kumbe kwao alishaliliwa!

Nyumba ya Solveig ilikuwa nyekundu, karibu na gati. Alifungua mlango, kikongwe mwenye aproni. Mzee akamwita kwa jina. Bibi yule akamtazama mpaka nikadhani ataanguka, kisha akafunga mlango.

Upepo ulikuwa unakata masikio. Feri ilikwisha kuondoka. Midomo ya mzee ilianza kuwa ya buluu, nikagonga kwa ngumi zote mbili.

"Mama, nakusihi! Huyu mtu atakufa hapa nje!"

Sauti ikanijibu kwa Kiingereza kutoka ndani: "Alishakufa."

"Basi nifungulie mimi. Mimi bado naishi, na nasikia baridi."

Komeo likalia. Akanishika mkono akaniingiza. Nami sikuachia kiti cha magurudumu, tukaingia wote.

Alinipa mimi supu ya samaki. Mzee hakupewa. Alilia kimyakimya, mikono magotini, na dada yake akamwacha alie. Kisha akamuuliza neno moja kwa lugha yao. Mzee akajibu kwa kirefu, sauti ikikatika. Sikuelewa ila jina la yule mdogo wao, lililorudiwa mara nyingi. Alipomaliza, bibi akainuka, akachota supu, akaanza kumlisha kwa kijiko, kwa hasira, kama mtu anayeziba tundu.

Mzee Einar hakurudi London. Nilimfundisha Solveig jinsi ya kumgeuza na kumwinua, nikaondoka peke yangu. Meneja akapiga meza. "Mteja yuko wapi?"

"Kwao," nikasema.

Sasa nimestaafu, magoti yananiuma. Makea wapya wanaonitembelea huniuliza kama yule bibi alimsamehe kaka yake. Sijui. Asubuhi niliyoondoka nilimkuta amepiga magoti mbele yake, anamvisha soksi. Alikuwa bado anamgombeza.