Mama Alichanganya Rangi Mlango Umefungwa

Nyinyi mliokulia Morogoro enzi zetu mtakumbuka batiki zikikauka uani, na sisi watoto tukienda shule na vidole vya buluu, mwalimu akituchapa akidhani tumechezea wino. Mama alifunga vitambaa kwa vipande vya mpira wa baiskeli, fundo baada ya fundo. Lakini saa ya kuchanganya rangi, mlango ulifungwa. Mimi kifungua mimba nilikaa kizingitini. Jirani akija kuomba chumvi, nijibu, "Mama anaoga." Mama wa watu akioga mara tatu kwa siku! "Anayeomba chumvi anataka chungu," Mama alisema.

Hata mimi sikuruhusiwa kuingia. Alipofariki niliacha shule darasa la sita, nikawasha jiko lake la rangi ili wadogo zangu watatu wale. Rangi yangu ikachuja ilipofuliwa mara moja. Wateja wakakimbia, nikaishia kufulia watu nguo.

Jumamosi iliyopita, hapa mtaani kwetu Barking, huku ughaibuni, kulikuwa na tamasha la utiaji rangi wa Kijapani. Mdogo wangu wa mwisho, Zuhura, ambaye ni nesi, alinilazimisha nibebe kitambaa cha mwisho cha Mama, kimepauka kabisa.

"Dada, wanarudishia rangi bure."

Bure! Hapo hapo nikalishika begi kwa mikono miwili.

Mzee wa Kijapani alifunua pipa la rangi ya nili mbele ya umati, akaeleza yote: majani, majivu, pumba za ngano, chokaa. Vijana walirekodi kwa simu huku wakila chipsi.

"Muulize, lile asilolisema ni lipi?" nikamwambia Zuhura.

Zuhura akauliza kwa aibu. Mzee akacheka, akaninyooshea mti wa kukorogea.

"Anasema koroga mwenyewe, unuse."

Nilikoroga. Sikumwamini. Nikachovya pindo moja tu, upande wa pili nimeukamata.

"Achia, Dada, watu wanatuangalia."

"Waangalie."

Pindo likatoka kijani. Nikamkata mzee jicho. Taratibu, hewani, likageuka buluu. Nikalifikicha kwenye ndoo ya maji mara tatu. Maji yakabaki maangavu.

Enzi zetu kitu kizuri kilifichwa mpaka kikazikwa pamoja na mwenyewe. Leo kinamwagwa barabarani, na wanaokirekodi hata hawakinusi. Nilisimama pale nikimshuku mzee, nikiwashuku vijana, na kwa mara ya kwanza nikamshuku Mama: hata mimi alinidhani mwizi?

Nikalirudisha pindo kwenye pipa. Mkono wangu ukaachia wenyewe, kitambaa kikazama chote.