Mtu Aliyeandikwa "Sijui"

Saa tatu asubuhi. Tukummeq Jensen anapuliza pumzi kwenye kioo cha picha, anafuta taratibu. Watalii wanaanza kuingia katika makumbusho ya Qaanaaq, mji mdogo wa barafuni kaskazini kabisa mwa dunia, na wote watakuja kusimama hapahapa.

Picha ni ya mvumbuzi wa kizungu aliyekwenda kuitafuta Ncha ya Kaskazini. Barafu imemganda ndevuni, bendera iko mkononi, utadhani yuko peke yake duniani. Watu wanamjua kwa picha hii.

Pembeni, nyuma yake, yupo mtu ameshika mjeledi wa mbwa. Maelezo yanamtaja: "Naluara, mtumishi."

"Huyo ni babu yangu, Ulloriaq," anasema Tukummeq, miaka 61, msafishaji hapa kwa miaka kumi na tisa. "Naluara si jina. Kwa lugha yetu ni 'sijui'."

Wazee wa huku hawatamki majina yao wenyewe. Ukitaka jina la mtu, unamwuliza aliye karibu naye. Mpiga picha alipouliza, Ulloriaq alimgeukia jirani amjibie. Jirani hakulielewa swali, akasema hajui. Ikaandikwa.

Tena picha haikupigwa Nchani; ilipigwa nyuma ya nyumba ya kina Ulloriaq, hatua chache kutoka kwenye sufuria ya nyama ya sili. Ndevu za shujaa zilinyunyiziwa maji kwa kijiko ili zigande. Ulloriaq alimsimulia bintiye Inaluk, naye akamsimulia Tukummeq.

Barua tatu ameandika kuomba jina lirekebishwe. Kila mara ofisi kuu ya makumbusho inadai shahidi aliyemjua marehemu kwa sura. Alibaki mmoja tu: mama yake, Inaluk, miaka 91.

Machi maofisa walikubali kuja kumhoji. Dhoruba ikaizuia ndege mara mbili. Walipofika, Inaluk alikuwa na siku nne kaburini.

"Walinipa pole, wakanywa kahawa yangu. Mmoja akaniuliza, 'Mama, wewe ulimwona babu yako?' Nikasema sikumwona, nilizaliwa keshafariki." Ananigeukia. "Ningedanganya, mdogo wangu. Ni neno moja tu. Kwa nini sikudanganya?"

Hansigne wa tiketi anamtania kwamba kioo kile atakitoboa kwa kukisugua. Tukummeq hacheki.

Juni anastaafu. Siku hiyo amepanga kuifungua fremu na kuandika Ulloriaq kwa penseli, mgongoni mwa picha, pasipoonekana.

"Halafu natumaini itaanguka," anasema. "Siku yoyote, hata nikiwa nimeshakufa. Ianguke ivunjike, na anayeokota ajue kusoma."