Tulimwacha Hamza Ndungu

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa harufu ya tangawizi mbichi na ya masweta yaliyolowa ukungu. Nilikuwa na umri kama ulio nao wewe sasa. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili chuoni, na nilipanda Mamba, kijijini kwetu milimani, kukaa likizo kwa Bibi. Mimi si mzee, nalijua hilo. Nina miaka thelathini na mbili, na wazee halisi wa ukoo wetu wangecheka wakisikia natoa nasaha. Lakini mama yako ni dada yangu, wewe wiki ijayo unakwenda chuo, na kosa ninalotaka kukusimulia nililifanya mimi, si wao.

Bibi alikuwa na televisheni ya sola. Kila Jumapili baada ya ibada, wanawake watano wa kikundi chake cha tangawizi walikuja kutazama tamthilia. Sisi tuliiita "ya Hamza" tu. Ilikuwa habari ya kijana aliyeondoka kwao kutafuta maisha, akanyamaza miaka, huku mama yake akimsubiri. Katika sehemu ya mwisho tuliyoonyeshwa, Hamza alipanda basi la kurudi nyumbani. Tukaona begi lake, tukaona mkono wake umeshika kiti cha mbele, basi likatoka stendi. Jumapili iliyofuata kituo kikatangaza kwamba tamthilia imesitishwa. Mahali pake pakawekwa kipindi cha kuoka keki. Fikiria wanawake wa Mamba, wapikao kwa mafiga matatu, wakifundishwa moto wa oveni.

Nilipofika likizo, keki zilikuwa zimeokwa miezi minne. Nilidhani wale kina mama wameacha kuja. Walikuja wote. Bibi aliwasha televisheni, akazima sauti, wakageuziana viti na kuanza kuiendeleza tamthilia wenyewe.

Waliifanya kama wanavyofanya msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo leo kikundi kinalima kwako na kesho kwangu. Kila mtu alikuwa na kipande chake. Aliyepewa zamu alianzia pale mwenzake alipoishia, wala hakuruhusiwa kubomoa kazi ya mwenzake.

"Jumapili iliyopita Hamza tulimwacha wapi?" aliuliza Bibi.

"Korogwe, anakula muhogo," alijibu Mama Eli, mwanamke mnene mwenye kicheko kinachomtangulia mlangoni.

"Wiki nzima anakula muhogo?"

"Muache ale. Huko alikokuwa nani alimpikia?"

Wakacheka. Siku ile Mama Eli akampandisha Hamza basi tena, akampitisha Mombo, akamshusha Mkomazi, akamtafutia gari la kumleta Ndungu, chini ya milima yetu. Nikawaambia kwao Hamza ni pwani, atafuata nini Ndungu kwenye majaruba ya mpunga?

"Pwani wamemkatisha," alisema Mama Eli. "Sasa ni wetu. Na aangalie bodaboda za pale, zinapandisha huku milimani kama zimeibiwa."

Kulikuwa na sharti moja ambalo sikulielewa. Hakuna aliyeruhusiwa kumfikisha Hamza mlangoni. Kipande hicho kilikuwa cha Mama Namkunda peke yake. Katika kikundi kile, walipochimba mfereji wa kuleta maji shambani kwa mtu, walisimama hatua chache kabla ya shamba na mwenye shamba akamalizia kwa jembe lake mwenyewe. Wengine wakikumalizia, walisema, maji yanaingia kama mgeni.

Mama Namkunda alikuwa jirani wa Bibi, mjane, mwembamba, mwenye maneno machache. Binti yake Namkunda alikuwa ameolewa Ndungu. Mwanawe wa kiume, Elieza, aliondoka kwenda machimboni miaka minane kabla ya siku ile. Alipiga simu mara chache, kisha simu yake ikawa haipatikani. Mama yake alimtengea kipande cha shamba la tangawizi, na kila msimu kikundi kilikipalilia kama vile mwenyewe kesho angekuja kuvuna. Haya yote niliyajua, mwanangu. Nataka uelewe hivyo. Sikukosea kwa kutojua.

Ila nilikuwa nimesoma. Chuoni tulifundishwa kuuliza kila kitu, nami nililipenda somo hilo kuliko yote. Nilikaa kwenye kigoda nikiona watu wazima wakimsafirisha mtu asiyekuwepo, na jambo hilo liliniudhi, sijui hata kwa nini. Labda kwa sababu walikuwa na furaha ambayo mimi na vitabu vyangu hatukuwa nayo. Nikatoa simu. Mtandao wa Mamba ulikuwa wa kusuasua, lakini siku ile, kwa bahati mbaya, ulikubali.

"Mnajisumbua bure," nikasema. "Mwandishi wa tamthilia ameshaeleza ingeishaje."

Nikawasomea. Mwandishi alikuwa ameandika kwamba anasikitika kazi yake kukatishwa, na kwa ajili ya watazamaji waliomuuliza, anaeleza mwisho aliokuwa ameupanga. Basi lingepinduka njiani. Hamza angekufa, na mama yake angeendelea kusubiri bila kupata habari, na tamthilia ingefungwa kwa sura yake akiwa mlangoni.

Nilisoma mpaka neno la mwisho, kwa sauti safi, kama mtu anayesoma somo kanisani.

Mama Eli alikuwa bado na tabasamu la mzaha wake wa bodaboda, alilisahau usoni. Mama Namkunda aliniangalia.

"Hicho ulichosoma ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Ameandika mwenyewe."

"Mama yake hakuambiwa?"

"Hakuambiwa."

Akatikisa kichwa polepole, akakunja khanga yake, akamshukuru Bibi kwa chai, akaondoka. Wengine nao wakakumbuka mbuzi, wakakumbuka kuni. Kwenye televisheni mtu alikuwa anapamba keki kwa ua jekundu.

Bibi hakunigombeza. Aliendelea kuosha tangawizi kwenye beseni, akisugua udongo katika kila kona ya tunguu kwa kidole gumba.

"Ulisema kweli?" akauliza baadaye.

"Ndiyo, Bibi."

"Nani alikuuliza?"

"Kweli haingoji kuulizwa."

"Maji nayo hayangoji," alisema. "Ndiyo maana watu wa zamani wakachimba ndiva huko juu ya shamba, wakayakusanya, wakayafungulia kwa zamu. Ukivunja ukingo utasema umeleta maji. Nenda ukaone kama kuna mche uliobaki."

Nilimwona mshamba. Nilijiambia kwamba tumaini la uongo ni ugonjwa, na kwamba nimempa Mama Namkunda dawa chungu. Wasomi tuna maneno mazuri ya kuvisha makosa yetu.

Jumanne ilikuwa zamu ya kupalilia kwa Mama Namkunda, nami nilikwenda na jembe la Bibi. Tulianzia juu, tukashuka mstari kwa mstari. Tulipofika ukingoni mwa kipande cha Elieza, Mama Eli aliinua jembe aendelee, na Mama Namkunda akasema, "Hapo pumzikeni."

"Hatujachoka, mwenzangu."

"Mmenisaidia miaka minane. Hicho msikipalilie tena."

Hakulia. Aligawa viazi na chai kama kawaida. Mama Eli alishika kiazi chake mpaka kikapoa. Mwenye kovu usidhani kapoa, nami nilikuwa nimelikwaruza kovu lile kwa ukucha, mbele za watu, kwa sababu tu nilikuwa na ukucha.

Siku chache baadaye nilikwenda kwake peke yangu. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye maharage aliyokuwa anachagua. Nikakaa. Nikajaribu, mwanangu. Nikasema basi la Hamza halikupinduka, liliharibika tu, na Hamza alishuka Ndungu salama, akala wali kwa mama mmoja pale sokoni, sasa anatafuta bodaboda. Niliisikia sauti yangu mwenyewe ilivyokuwa kavu. Nilimpeleka Hamza kama mtu anayesukuma baiskeli iliyokatika mnyororo.

Alinisikiliza mpaka nilipokwama.

"Wewe hujui kudanganya," akasema. "Wala sikulaumu. Wale hawakuwa wanadanganya. Walikuwa wanakaa na mimi."

Kisha akaniuliza chuo kinafunguliwa lini.

Jumapili zile hazikurudi. Mama Eli alikuja mara mbili, wakatazama keki yeye na Bibi, akaacha. Mwaka uliofuata Mama Namkunda alifunga nyumba, akashuka Ndungu kwa binti yake, kwenye joto na mbu ambavyo hakuwahi kuvipenda. Namkunda aliniambia huko mama yake hakumtaja Elieza hata mara moja. Alikufa misimu miwili baadaye. Walimpandisha Mamba, tukamzika kwenye mvua. Elieza hakuwepo. Hayupo hadi leo, wala hakuna anayejua.

Utaniuliza, kwa kuwa nakujua: je, si kweli kwamba Elieza pengine alishakufa? Pengine. Je, mama yake angeacha kumsubiri siku moja hata kama ningenyamaza? Pengine. Nimejiuliza yote hayo, na kila jibu ninalopata linanitetea, ndiyo maana siliamini hata moja. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Methali nyingi nazitilia shaka, ile ya subira kuvuta heri mojawapo, maana nimemwona aliyesubiri na sikuiona heri. Hii ya ulimi sina hoja dhidi yake.

Kile kipande kipo. Kimeota magugu na miti midogo. Kila likizo ninapopanda Mamba nachukua jembe, napalilia hatua chache, kisha mvua inakuja na kuyarudisha magugu. Watu wananiuliza namlimia nani.

Basi sikiliza, mwanangu. Kuuliza usiache. Ukiacha utakuwa umenielewa vibaya na utanisikitisha. Lakini kabla hujatoa jibu, tazama ni nani amekaa karibu nawe, na jibu hilo litamwangukia nani. Ukiwakuta watu wanaendeleza kitu kilichokatishwa, iwe tamthilia, iwe habari ya mtu asiyerudi, usikimbilie kuwaonyesha mwisho wake hata kama unao mkononi. Uliza zamu yako ni ipi. Pengine huna kipande pale. Basi kaa, kunywa chai, sikiliza. Na kipande cha mwisho mwachie mwenye shamba, hata akikaa nacho maisha yake yote bila kukichimba.

Nenda salama. Mungu wa bibi yako akupe akili kali na mkono mwepesi wa kuishika. Akupe majirani watakaokaa nawe siku ambayo kitu chako kitakatika katikati. Na siku utakayokuwa njiani kurudi nyumbani, mlangoni awepo mtu ambaye hakuna aliyemwambia aache kukungoja.