Anayekoroma Juu ya Dari

Saa tatu asubuhi jua limekwisha kupanda, alizeti za jirani zimechanua, na nyuki walipaswa kuwa kazini. Lakini nyuma ya nyumba hii ya vyumba vitatu hakuna mvumo wowote. Mizinga imenyamaza kama watu waliojifungia ndani baada ya kusikia hodi wasiyoipenda.

Mama Moshi ameketi kwenye kigoda mbele ya mizinga yake. Mkononi ana kibao chembamba alichokichonga mfano wa mwiko. Hatikisi hata mguu. Macho yake yako kwenye mlango wa mzinga wa karibu, ambako nyigu mmoja mkubwa wa rangi ya kahawia anaelea hewani, haendi mbele wala harudi nyuma, uso ameuelekeza ndani.

"Ukiona mizinga imenyamaza na jua linawaka hivi, ujue kuna mtu mlangoni," anasema kwa sauti ya chini.

Anasema mtu. Mwandishi wa makala haya alidhani ulimi umeteleza, lakini asubuhi nzima alimwita hivyo hivyo.

Nyuki mmoja anachomoka, labda amechoka kusubiri. Nyigu anamdaka hapo hapo, anatua naye kwenye tawi, anamkata kichwa, mabawa na miguu, kisha anaondoka na kipande cha kifua. Kibao kinapiga hewa.

"Huyo kaniwahi," Mama Moshi anasema. "Atarudi, na hatakuja peke yake."

Jina la Mama Moshi amepewa na majirani, na hana ugomvi nalo. Moshi wa bomba la kufukizia nyuki umemwingia kwenye nywele, kwenye nguo, hadi kwenye mkoba wake wa kutokea. "Nikipanga foleni mahali, watu wanaanza kuulizana nani ameacha kitu jikoni," anasema huku akicheka. "Mimi nakausha tu."

Kazi alifundishwa na baba yake, seremala aliyegeuka mfugaji nyuki. Alikuwa mzee mrefu, mpole, na sifa yake kubwa mtaani haikuwa asali bali kukoroma. Inasemekana mgeni mmoja aliyelala sebuleni aliaga alfajiri, hata chai hakuisubiri. Mzee huyo alifariki dunia mwaka juzi. Aliacha mizinga ishirini, ngazi ya mbao, na mke ambaye hakuwa amezoea kulala peke yake.

Leo mizinga yenye nyuki ni mitano.

"Mwaka wa mwisho wa baba tulijaza ndoo saba za asali," Mama Moshi anasema. "Msimu uliopita nilipata ndoo moja, na haikujaa. Hii ndiyo inayotulisha mimi na mama. Ikienda hii mitano, mikono yangu haijui kazi nyingine."

Wanaomaliza mizinga hiyo ni manyigu wakubwa, ambao wengine huwaita mavu. Mmoja akivizia mlangoni, nyuki huogopa kutoka, wakabaki kula akiba yao mpaka inakwisha. Manyigu wakiwa wengi, huingia ndani wenyewe. Mama Moshi hajasahau mzinga wa kwanza aliofungua baada ya uvamizi wa namna hiyo. Masega yalikuwa mahali pake na asali haikuguswa. Lakini majana, yaani watoto wa nyuki, yalikuwa yamechomolewa yote, na chini ya mzinga kulikuwa na vichwa vya nyuki vimerundikana pembeni, kama kuna aliyevifagia.

"Vichwa tu," anasema. "Nilifunika nikaenda kukaa jikoni."

Aliipunguza milango ya mizinga. Alitega mitego ya chupa. Alipiga kwa kibao mpaka bega likavimba. Kila asubuhi manyigu walirudi, na kila mara walionekana kutokea kwenye miti iliyo ng'ambo ya bonde. Aliizunguka miti hiyo yote, akachungulia kila shimo, hakukuta kiota.

Wakati huo huo, ndani ya nyumba, mama yake alikuwa ameanza kusema mambo.

"Baba yako amerudi," bibi huyo alimwambia asubuhi moja, akiwa anapuliza chai yake. "Anakoroma juu ya dari."

Mama Moshi alijibu, "Sawa, mama," kisha akaenda zake nyuma ya nyumba kulia. Alidhani uzee umeanza kumchezea mama yake. Lakini bibi hakuwa na homa, hakusahau bei ya unga, hakupotea njia ya dukani. Ila kila kulipokucha alikuwa na habari za usiku. Mara amekoroma mpaka kitanda kikatetemeka. Mara amesaga meno. Mara amegeukia upande wa dirishani.

Kisha likatokea doa. Lilikuwa la kahawia, juu ya dari, usawa wa kitanda, upande aliokuwa akilala mzee. Kila wiki lilikuwa limetanuka kidogo.

"Jasho lake hilo," bibi alisema. "Si unajua alivyokuwa anatoka jasho."

Asubuhi moja ya baridi kali, mama yake akiwa anaoga, Mama Moshi alipanda juu ya kitanda, akaegemeza kiganja kwenye lile doa.

"Palikuwa na joto," anasema, na hapa anaacha kutazama mizinga kwa mara ya kwanza. "Jua lilikuwa halijatoka, bati lote ni la baridi. Pale palikuwa na joto la mwili wa mtu. Nilishuka, nikanawa mkono, na sikumwambia mtu."

Kulikuwa pia na suala la kikombe. Kila jioni bibi aliweka juu ya kabati chai iliyokolezwa asali, na kesho yake mchana kikombe kilikuwa kitupu. Mama Moshi aliamini mama yake anainywa chai hiyo mwenyewe.

Alimwita fundi wa paa, jamaa mmoja mcheshi anayejulikana kama Kipara, akitumaini kuambiwa kwamba bati linavuja. Kipara aliegemeza ngazi, akapanda, akatega sikio kwenye mbao. Akabaki hivyo kwa muda. Kisha akashuka taratibu, kinyume na kawaida yake hakutania, akafunga ngazi yake kwenye baiskeli.

"Dada, humo kuna mtu amelala," alisema akiwa ameshafika barabarani. "Mimi siamshi watu."

Ni wiki iliyopita tu ambapo Mama Moshi aliamua kujaribu mbinu ambayo baba yake alikuwa akiisimulia lakini hakuwahi kumwonyesha. Alimfunika nyigu kwa glasi akiwa anatafuna nyuki, akamtumbukiza kwenye maji baridi mpaka akalegea. Akamfunga kiunoni uzi wenye kishada cha pamba nyeupe. Alipoanza kuzinduka, alimrudishia nyama yake.

"Nyigu mwenye chakula hafanyi matembezi, anakipeleka nyumbani," anaeleza. "Mimi nilishaelekea bondeni, nimekunja gauni, tayari kukimbia. Akanipita juu ya kichwa, akaenda nyuma yangu."

Aligeuka. Kile kipande cha pamba kilivuka kamba ya nguo, kikapanda juu ya paa la jiko, kikaingia kwenye upenyo chini ya bati, juu kidogo ya dirisha la mama yake.

"Nilisimama pale uani," anasema. "Muuaji namtafuta porini, kumbe nalala naye nyumba moja. Na mama yangu anampa chai."

Aliingia ndani anahema. Bibi alikuwa amekaa kitandani, anakunja nguo.

"Mama, yule si baba. Ni manyigu."

"Najua," bibi alisema.

"Unajua?"

"Nimekaa na mfuga nyuki maisha yangu yote, nyigu nimsahau? Niliwaona wakiingia tangu mwanzo. Mchana ni manyigu. Usiku wakianza, ni yeye."

Mama Moshi hafichi kwamba siku hiyo alimpandishia mama yake sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mizinga ilikuwa ikifa mmoja baada ya mwingine na mama anatazama! Alimwambia mizinga ile iliundwa na mikono ya baba, na kama anamtaka baba, basi akae uani na mizinga.

"Mizinga haikoromi," bibi alijibu. Kisha akaweka pembeni nguo aliyokuwa anaikunja. "Mwanangu, mizinga ulikuwa nayo ishirini. Mimi mume nilikuwa na mmoja."

Tangu hapo hawakulizungumza tena. Mchana binti alilinda mizinga, jioni mama aliweka kikombe chake juu ya kabati, na chakula walikula pamoja bila kutazamana.

"Ningeweza kuwaua mama akiwa ametoka," Mama Moshi anasema. "Lakini usiku angelala pale anasikiliza, na angejua ni mimi niliyefanya. Hilo lilinishinda."

Asubuhi hii, hata hivyo, mlangoni pa mzinga kuna manyigu watatu, halafu watano. Mama Moshi anaweka kibao chini. Anaingia ndani na kutoka akiwa amemshika mama yake mkono, anamketisha kwenye kigoda.

"Sikiliza, mama."

Bibi anainamisha kichwa. Anasubiri. "Sisikii kitu."

"Ndiyo hicho nilichokuitia. Wamo ndani wote, wanaogopa hata kupumua."

Bibi anajivuta mbele na kuliweka shavu lake kwenye ubao wa mzinga, kama mtu anayesikiliza mlango wa chumba cha mgonjwa. Manyigu wawili wanasogea mpaka karibu na sikio lake na kuelea hapo. Hawamgusi. Mwandishi amesimama hatua chache nyuma, na hakuthubutu kusogea.

Kisha bibi ananyanyua kichwa.

"Hivi ndivyo kilivyokuwa chumba changu," anamwambia binti yake. "Kabla hawajaja."

Anapangusa vumbi shavuni. "Basi. Fanya leo jioni. Mimi nitakaa chumbani kwako."

Giza linapoanza kuingia, manyigu wote wakiwa wamerudi, Mama Moshi anavaa ovaroli mbili, kofia yenye wavu na glavu za ngozi. Anapanda ngazi ya baba yake akiwa na pampu ya dawa ya unga. Bibi ameketi kitandani kwa binti yake, upande wa pili wa ukuta, na mwandishi yuko mlangoni.

Kwanza inasikika pampu. Halafu sauti ile, ambayo mwandishi aliisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Ni nzito, inapanda na kushuka, na bila ubishi ni mtu anayekoroma. Kisha inapanda bila kushuka, inakwaruza, inagongagonga mbao za dari kutoka kichwani hadi miguuni. Bibi ameweka kiganja ukutani.

"Anageuka," ananong'ona. "Anatafuta hewa."

Mwandishi alitamani kumwita Mama Moshi ashuke, na haoni aibu kulisema. Sauti inapungua, inakatikakatika, inabaki moja, nyembamba. Bibi anasubiri kidogo, kisha anaondoa mkono ukutani.

"Ameacha," anasema.

Mbao za dari zilipobanduliwa, kiota kilionekana kizima, cha kijivu, tabaka juu ya tabaka mfano wa karatasi zilizoloana zikakauka. Hakikuwa cha duara. Kilikuwa kimejinyoosha kando ya boriti, kufuata urefu wa kitanda, upande ule ule wa mzee. Mama Moshi alikifunika kwa shuka safi kabla ya kukishusha, na hakueleza kwa nini. Usiku huo alivuta godoro lake akalipeleka chumbani kwa mama.

Kesho yake asubuhi mvumo wa nyuki unasikika tangu barabarani. Mizinga yote mitano inatoa na kuingiza, na Mama Moshi anapita katikati yake na bomba lake, nywele zimejaa moshi kama kawaida. Anasema maua yakizidi atategea makundi yanayohama, aanze kuijaza ile mizinga mitupu. Anataka ifike kumi kabla ya msimu ujao. Ndoo tayari ameziosha.

Bibi yuko mlangoni, anaota jua. Anaulizwa kama amelala, na badala ya kujibu anamvuta mwandishi karibu.

"Kumbe na huyu anakoroma," anasema, na uso wake wote umefunguka. "Miaka yote sikujua, kulikuwa na ukuta katikati. Usiku nikamwita. Nilikuwa nusu usingizini, nikamwita kwa jina la baba yake. Akaitika! Kwa sauti nzito kabisa. Akaniuliza kama nataka maji."

Anacheka mpaka anafuta machozi, kisha anaingia ndani taratibu.

Uani, mwandishi anamweleza Mama Moshi maneno hayo na kumuuliza kama anakumbuka chochote. Anafunika mzinga alioufungua. Anatazama mlangoni, anahakikisha mama yake hayupo.

"Mimi sikoromi," anasema. "Nilikuwa macho mpaka kumekucha. Koo lote linaniuma."

Anapuliza moshi kidogo mlangoni mwa mzinga unaofuata.

"Na leo akiita, nitaitika tena."