Unene wa Kahambu

Kijiji kizima cha Bihambwe kilimsifu Kahambu. Wazazi wake walikuwa Wanande waliotoka Butembo kufungua duka hapo, katika milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, na baba alipofariki, mama yake, Adrienne, akaendelea nalo. Binti alikua kati ya mikate, biskuti na soda. Akajaa mapema, na wanawake waliokuja kununua sabuni walimpapasa mikono.

"Mama, huyu mutoto anaonesha kwenu munakula!"

Adrienne alicheka kwa fahari. Katika milima ile vita vilikuwa vimewakondesha watu miaka na miaka, na mtoto mnene alionekana kama baraka iliyopata miguu.

Alipofika miaka kumi na tisa, Kahambu akashikwa na kiu isiyokatika. Benoît, muuguzi wa kituo cha afya, alimchoma kidole, akapima damu, akasema ni ugonjwa wa sukari.

"Ile iko ya wazee, Papa Benoît," Adrienne akabisha. "Huyu hajazaa hata."

"Mama, siku hizi inakamata vijana pia, zaidi wenye mwili mukubwa. Apunguze soda, apunguze mwili, ameze dawa kila siku. La sivyo itamukula figo polepole, na haitamuuma."

Apunguze mwili! Watu wangesema nini? Mama aliendelea kumpakulia sahani iliyojaa. Kahambu alimeza dawa zilipokuwepo. Risasi zilipofunga njia ya Sake, ambako dawa zilipitia, dawa zilikosekana, naye hakuhangaika sana, maana kweli hapakuwa na mahali palipouma.

Miaka minne baadaye miguu ilianza kumvimba, na mkojo ukatoa povu kama maji ya kufulia. Wateja wakasema, "Kahambu, umeongezeka tena!" Alitabasamu. Akiwa peke yake alibonyeza muundi kwa kidole gumba na kuona shimo linabaki pale pale, kama kwenye udongo uliolowa. Hakumwambia mtu.

Ndipo vita vikaingia Bihambwe kwenyewe. Wakakimbia kwa miguu kuelekea Sake, yeye, mama na mdogo wake Kétsia, msichana wa miaka kumi na tano, mnene vilevile. Kwenye mteremko wa Mushaki pumzi zilimwishia Kahambu. Kwenye kizuizi cha barabarani kijana mwenye bunduki alimtazama akacheka.

"Wenzako wote mifupa mitupu. Weye unakulaka wapi?"

"Niko mugonjwa."

"Mugonjwa gani wa mwili hivi? Beba!"

Yeye na wenzake wakamtwika gunia la maharage. Alilibeba mpaka akaanguka kifudifudi kwenye tope, nao wakalichukua gunia wakamwacha. Mkimbizi mmoja akashusha mizigo yake kutoka kwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, akampandisha, wakamsukuma hivyo hadi Sake, na kutoka hapo gari likawafikisha Goma.

Daktari aliyempokea hospitalini aliitwa Isidore. Hakuzunguka.

"Figo zako zimeisha. Sasa mashini njo itasafisha damu yako."

"Mpaka lini?"

"Siku zote, dada."

Mashine ilimtoa maji mwilini, na chini yake Kahambu akatokea mifupa tu. Adrienne hakuweza kumtazama bila kulia. Lakini Kahambu alikuwa akimtazama Kétsia, jinsi alivyomaliza jagi la maji na kutafuta lingine.

"Utaenda kupimwa," akamwambia.

"Sitaki. Nikikonda kama weye, watasema niko na SIDA, ule ukimwi."

"Kétsia, nilikuwa ninakufa na watu wananisifu. Unataka na weye wakusifu?"

Akamshika mkono, akajikokota naye mpaka maabara, akipumzika kila penye ukuta. Sukari ilikuwa imeshaanza, ila figo bado zilikuwa nzima. Adrienne aliposikia alikaa chini kwenye sakafu.

"Ni mimi niliwalisha," alisema.

Kahambu alikuwa na hasira, na hakuona sababu ya kuificha. Kesho yake tu ndipo alipomwomba mama amsuke nywele.

Kisha vita vikaufuata mji wenyewe. Umeme ukakatika, mashine zikanyamaza, na mafuta ya jenereta hayakupatikana. Maji yakarudi, kwanza miguuni, kisha usoni, mwishoni kifuani. Kahambu alikufa asubuhi, ameegemezwa kwa mama yake kwa sababu akilala chali hakuweza kupumua. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Walimzika haraka, mabomu yakilia upande wa Sake. Kétsia anaishi Goma na mama yake, kwa shangazi. Anakula maharage na mboga bila kupenda, na kila wiki anazunguka maduka ya dawa kuuliza vidonge. Siku nyingine anavipata.